Kwa anayeanza kusasisha kifurushi cha hifadhidata

Kifurushi changu cha kwanza cha PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kilijengeka bila tatizo. Nilikiweka kwenye mashine tupu, nikaunda jedwali, nikaandika mistari miwili, ikasomeka. Jioni nikakiweka kwenye mashine iliyokuwa na data ya toleo la zamani. Seva ikakataa kuwaka. Logi ilisema wazi: saraka ya data imetengenezwa na toleo jingine, hailingani na hili. Na toleo la zamani nilikuwa nimeshalifuta, maana kifurushi changu kililiondoa ili kukaa mahali pake.

Ukisasisha kihariri cha maandishi, unabadilisha programu tu. Hifadhidata ina mafaili yaliyoandikwa miaka kabla hujafika, na mwenye mashine anayategemea. Kwa hiyo anza na toleo lililomo sasa kwenye distro (mkusanyiko wa Linux unaoutengenezea kifurushi), lijaze data, ndipo uweke lako juu yake.

Jifunze kusoma namba. Tangu PostgreSQL 10, iliyotoka 2017, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu. Ukitoka 17.1 kwenda 17.2, mpangilio wa mafaili haubadiliki: unaweka programu mpya na kuwasha seva upya. Ukitoka 15 kwenda 17, data lazima ihamishwe, ama kwa pg_dump, inayoiandika kwenye faili, na kuirejesha, ama kwa pg_upgrade, inayoigeuza saraka ya zamani kuwa ya toleo jipya na ambayo inahitaji programu za matoleo yote mawili ziwepo.

Ndiyo maana napenda utaratibu wa Debian, mojawapo ya distro hizo. Namba imo kwenye jina lenyewe, kwa hiyo postgresql-15 na postgresql-17 hukaa pamoja, kila moja na saraka yake. La pili hupewa mlango wa mtandao (port) 5433 kwa kuwa 5432 umeshikwa. Mwenye mashine huhama akiwa tayari, kwa amri ya Debian iitwayo pg_upgradecluster. Ila kabla ya hapo huwa anaondoa klasta tupu ya 17 (saraka ya data na seva yake) iliyojiunda wakati wa usakinishaji, na amri yake ni pg_dropcluster. Ukiandika 15 badala ya 17 hapo, umefuta data yenyewe. Soma namba mara mbili. Nakusihi pia usiandike skripti ya usakinishaji inayohamisha data bila kuulizwa; diski ikijaa katikati, anayeumia ni mtu ambaye hakuomba.

Viendelezi kama PostGIS, kinachoongeza data za ramani, hujengwa upya kwa kila toleo kuu. Kimoja kikikosekana, pg_upgrade inasimama.

Kuhakiki sha256 (namba inayothibitisha kuwa faili halijabadilika) ya msimbo chanzo, kuondoa viraka vilivyokwisha kukubaliwa na watengenezaji, kuandika orodha ya mabadiliko: hayo utayazoea haraka.

Ninachokiogopa kuliko seva kugoma ni seva inayowaka na kujibu vibaya. Mwaka 2018, glibc 2.28, toleo la maktaba ya msingi ya Linux, ilibadilisha namna ya kupanga maneno. Chini ya mpangilio wa lugha wa en_US.UTF-8, glibc ya zamani hutanguliza 11 kisha 1-1, kuanzia 2.28 inatangulia 1-1. Faharasa (index) iliyojengwa kwa mpangilio wa kwanza ikisomwa kwa wa pili, utafutaji unaweza kukosa mstari ambao upo, na ufunguo wa kipekee ukaruhusu marudio. Kabla ya PostgreSQL 15, kwa kawaida logi haikusema kitu; tangu hapo kuna onyo tu, na seva inaendelea kujibu. Dawa ni REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya, na lazima mtumiaji aambiwe. Hapa hifadhidata haikuguswa hata kidogo. Ni maktaba iliyo chini yake.

Siku hizi nina mashine pepe yenye toleo la zamani na jedwali la maneno yenye vistari, nafasi na herufi zenye alama. Kabla ya kusasisha, naandika jedwali lote kwenye faili kwa amri ya COPY, likiwa limepangwa kwa ufunguo wa namba, kisha napiga sha256sum. Baada ya kusasisha narudia, halafu natafuta kila neno kupitia faharasa. Likikosekana moja, sikipakii kifurushi.