Barua kwa mwanangu: kuhusu kukaimu na kuitwa mkali

Tanga, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo. Vuli imeanza mapema, na baba yako bado anabishana na fundi wa bati ambaye amekuja mara mbili na kuondoka mara mbili bila kupanda ngazi. Wasiwasi wetu uko kwako, hasa tangu ulipotuma ujumbe ule wa Jumapili, ambao nimeusoma mara nne na kuuandikia majibu mawili nikayachana yote. Hili la tatu nalituma.

Umesema umekaimu ukuu wa maabara ya hospitali yenu huko Marekani kwa miezi 14, umeomba uthibitishwe, na katika tathmini ya mwaka msimamizi wako ameandika kwamba kazi yako haina dosari ila namna unavyozungumza inawatisha wenzako. Ukaniuliza: "Mama, nishushe sauti kwanza mpaka wanipe cheo, au niache kabisa kuomba?"

Jibu langu ni kwamba usishushe na usiache. Nalitoa bila kusitasita kwa sababu mimi nilishusha kwa miaka 19, na wewe ulikuwa mle ndani ya nyumba ukiona hali ninayorudi nayo kutoka kazini.

Nianzie hapa Tanga. Kabla sijaenda Ohio, Marekani, mwaka 1998 nilikuwa muuguzi hapa kwa miaka 9, na wagonjwa waliniita sista mkali. Halikuwa tusi. Sista mkali ndiye ambaye ndugu wa mgonjwa walimwulizia usiku, kwa kuwa walijua kwamba akiwa zamu dripu haitakauka, na mhudumu aliyesinzia ataamshwa. Yapo mengi niliyoambiwa kwa sababu ni mwanamke, na sitaki ufikiri kwamba huku mambo ni shwari, lakini hakuna aliyewahi kuunganisha ukali wangu na rangi yangu, maana rangi hiyo ilikuwa ya kila mtu wodini. Nilipofika Columbus, huko Ohio, ndipo nilipogundua kwamba rangi yangu inafika mahali kabla yangu, imebeba habari ambazo sikuzituma mimi.

Habari zenyewe ni za zamani kuliko sisi, na ni vizuri uzijue kwa majina yake. Wamarekani walishawashonea wanawake weusi magauni mawili. La kwanza ni la Mammy, mpishi mnene mwenye tabasamu na kilemba, anayewalea watoto wa bwana kwa upendo na asiyetaka chochote kwa ajili yake. Sura ya namna hiyo ilitumika kuuzia unga wa chapati za maji kwa chapa iliyoanza mwaka 1889, na jina la chapa hiyo halikubadilishwa mpaka 2021. La pili ni la Sapphire, mke mwenye mdomo mrefu katika kipindi cha vichekesho cha redio kilichohamia kwenye televisheni mwaka 1951, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumfokea mumewe ili watu wacheke. Kipindi kilikufa, jina likabaki kuwa jina la mwanamke yeyote mweusi anayesema jambo kwa uhakika. Wewe umevishwa gauni la Sapphire. Mimi nilivaa la Mammy, tena nililivaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Kuna siku moja ambayo sijawahi kukusimulia. Nilikuwa na kitambulisho kifuani kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba mimi ni muuguzi, na mkononi nilikuwa na funguo za kabati la dawa. Binti wa mgonjwa akanikabidhi sinia na kuniuliza mbona supu imepoa. Nikatazama ile supu, nikatazama funguo zangu, nikatabasamu, nikaenda kuipasha. Yule mama alinishukuru sana, na mwisho wa mwezi aliandika barua ya kunisifu iliyobandikwa ukutani. Naam, sijawahi kupendwa mahali pa kazi kama nilivyopendwa pale. Siku yangu ya kuzaliwa nililetewa keki, na Krismasi nilipata kadi zaidi ya wenzangu wote. Katika miaka hiyo niliwafundisha kazi wakuu wa wodi watatu waliokuja kunisimamia, mmoja wao akiwa hajui hata kupanga ratiba ya zamu, na mwaka 2011 nilipojikaza nikauliza kama mimi pia naweza kufikiriwa, niliambiwa kwa sauti ya upole kwamba wagonjwa wananipenda mno na wodi haiwezi kumudu kuniondoa vitandani. Hicho ndicho kilemba cha ukoka, mwanangu. Nilikivaa nikiona fahari.

Kwa hiyo ukishusha sauti, hutabaki bila gauni. Utavua la Sapphire, na kabla hujafika mlangoni utakuwa umevishwa la Mammy, na Mammy hapewi maabara. Atapewa keki.

Na hata wewe mwenyewe nilikushusha, nalikiri leo. Usiku wa kuamkia usaili wako wa kwanza nilikukalisha jikoni nikakufumua twende kilioni niliyokusuka mwenyewe Jumamosi, nikakunyoosha nywele kwa pasi mpaka sikio likaungua, nikakwambia ndivyo kazi inavyopatikana. Miaka michache baadaye, mwaka 2019, California ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria inayomzuia mwajiri kumbagua mtu kwa misuko au nywele zake za asili, na majimbo mengine yakafuata. Nilipoisikia habari hiyo nilikumbuka lile sikio.

Unasema ofisi ya utumishi imekujibu kwamba hakuna ubaguzi, kwa kuwa hospitali ina wakuu wa vitengo wanawake na ina wakuu wa vitengo weusi. Waulize, kwa adabu, ni wangapi kati yao walio yote mawili. Hoja hiyo ya kwao ina historia. Mwaka 1976 mahakama moja ya Missouri iliamua kesi ya wanawake weusi watano walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kiwanda hakikuwa kimeajiri wanawake weusi kabla ya 1964, na uchumi ulipoyumba wafanyakazi wakapunguzwa kwa kufuata ukongwe kazini, hivyo walioingia mwisho, ambao ndio wao, wakatoka kwanza. Mahakama ikasema wanaweza kulalamika kama wanawake au kama watu weusi, lakini si kwa kuyaunganisha mawili. Na kampuni ilikuwa imewaajiri wanawake, ingawa ni wazungu wa ofisini, na watu weusi, ingawa ni wanaume wa kiwandani. Wakapotelea katikati. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 alipokuwa akieleza jinsi mtu anavyoweza kugongwa kwenye njia panda na kila barabara ikakana kwamba gari lilikuwa lake. Nawe umesimama papo hapo.

Kuhusu kukaimu, soma habari za Dorothy Vaughan. Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyeingia mwaka 1943 katika kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, Virginia, na mwaka 1949 akapewa kuongoza kitengo cha wanawake weusi waliokuwa wakikokotoa hesabu kwa mkono. Akapewa kama kaimu, na akakaimu kwa miaka kabla ya kuthibitishwa, ingawa kazi ilikuwa ileile. Mwaka 1958 kituo kilipoingia NASA na kitengo hicho cha kibaguzi kikavunjwa, alijifunza lugha ya kompyuta ya FORTRAN na kuwafundisha wenzake. Aliutaka uongozi tena, akastaafu mwaka 1971 bila kuupata. Watu humsimulia kama hadithi ya ushindi, na ni kweli alishinda mengi, lakini mimi nikifika kwenye neno kaimu huwa nasimama. Ukaimu ni namna nzuri sana ya kupata kazi ya mtu bila kumlipa jina lake.

Najua utanitajia Ursula Burns, maana uliwahi kubandika picha yake chumbani. Aliingia Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, kwa mafunzo ya kazi ya kiangazi mwaka 1980 na mwaka 2009 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mojawapo ya kampuni 500 kubwa za Marekani. Katika kikao kimoja, mfanyakazi aliuliza kama kuajiri watu wa asili mbalimbali hakushushi viwango, mkubwa mmoja aitwaye Wayland Hicks akalijibu swali kwa upole, na Burns akamhoji mbele ya watu kwa nini amelipa swali la namna ile heshima ya jibu. Mwaka 1990 Hicks huyohuyo akamchukua kuwa msaidizi wake, na njia ikafunguka. Hadithi nzuri, lakini itazame vizuri: mdomo ulikuwa wa Burns, ila mlango ulikuwa wa Hicks. Wangapi walisema kama yeye mbele ya mkubwa mwoga, na hatukuwasikia tena? Alipoacha uongozi mwishoni mwa 2016, hakubaki mwanamke mweusi mwingine hata mmoja aliyethibitishwa katika nafasi kama hiyo, mpaka Rosalind Brewer na Thasunda Brown Duckett walipoingia mwaka 2021.

Sasa tuje kwenye jibu lako la tathmini. Neno "namna" ndimo dhana inamojificha, kwa hiyo litoe nje. Andika kwa msimamizi wako, kwa lugha safi, umwombe akutajie siku, kikao, maneno uliyosema, na kazi iliyoharibika kwa sababu ya maneno hayo. Mimi nashuku ni ile asubuhi ya vichupa viwili vya damu vilivyotoka chumba cha dharura bila lebo, daktari akasisitiza kwamba yeye anajua ni vya nani, nawe ukamjibu kwamba damu isiyo na jina haipimwi. Maabara yoyote inayojiheshimu ingevikataa, kwa sababu kundi la damu likiandikwa kwa mgonjwa asiye wake, mtu anaweza kuongezewa damu isiyomfaa akafa. Kama hilo ndilo lililowatisha, basi liandikwe hivyo na mtu atie saini.

Lakini yule kijana wa zamu ya usiku ulimfokea, umeniambia mwenyewe, tena mbele ya watu. Hapo gauni halihusiki, ni wewe. Mwombe radhi ana kwa ana wiki hii, na usilichanganye na jambo lingine lolote.

Katika barua hiyohiyo kwa msimamizi uulize ukaimu wako unakoma lini, na tofauti ya mshahara tangu mwezi wa kwanza inalipwa vipi. Acha pia kujaza zamu za watu wasiokuja. Kuna gauni la tatu, la mwanamke mweusi asiyechoka, na hilo tunalivaa kwa hiari kwa sababu linafanana na sifa. Kisha mwendee yule daktari wa patholojia anayekupigia simu kila majibu yanapomtia shaka, umwombe waziwazi akutaje kwenye kikao cha uteuzi. Mimi nilidhani kazi itaonekana yenyewe. Wakikataa kukupa tarehe, omba kwingine, huku miezi 14 ya kuongoza maabara ikiwa imeandikwa kwenye wasifu wako.

Shangazi yako anasafiri tarehe 9 na nimempa daftari langu lenye jalada la bluu, ambamo niliandika mambo ya kazini kwa miaka yote ile na sikumwonyesha mtu, hata baba yako. Fungua ukurasa wa tarehe 6 Machi 2008, siku nilipomaliza kumfundisha yule mkuu wa pili. Nimeandika ukurasa mzima jinsi nilivyoumia, lakini sikuandika nilimfundisha nini, kwa wiki ngapi, wala nani alikuwepo. Barua yako kwa msimamizi usiiandike hivyo. Nisomee rasimu kwa simu Jumapili kabla hujaituma.

Ni mimi mama yako.