Kimashine cha umeme kwa maumivu ya uso

Pole kwa mama, dada. Umeuliza kama kile kimashine cha vibandiko kitamtuliza ule mchomo wa shavuni. Kinaweza kumpunguzia, ila chanzo hakigusi. Kinapitisha umeme mdogo kwenye ngozi, na ule mtekenyo unazuia habari ya maumivu isipande yote ubongoni. Wazo hilo ni la watafiti wa maumivu, Melzack na Wall, 1965. Miaka miwili baadaye Wall na mwenzake Sweet walijidunga wenyewe sindano za umeme chini ya jicho, kwenye neva ya shavu, na umeme ulipowashwa, kuchomwa na pini hapo hakukuuma kama kawaida. Roho ngumu kweli wale!

Lakini unasema akipiga mswaki au upepo ukimpiga anashtuka kama kapigwa shoti, sekunde chache, kisha kimya, kisha tena. Hapo mimi ningeshuku neva ya trijemina, yaani mshipa mkubwa wa fahamu unaobeba hisia za uso. Dawa inayoanza kutumika ni kabamazepini, kwa cheti cha daktari na vipimo vya damu. Panadol haifui dafu. Na jamani, asing'olewe jino jingine kabla hajaonwa na daktari wa mishipa ya fahamu; wengi hubaki na mapengo, maumivu yako palepale.

Akikijaribu kimashine, aanze na nguvu ya chini kabisa, asibandike karibu na jicho wala mbele ya shingo. Kama ana betri ya moyo, asikiguse.