Futi Mezani, Kilomita Njiani

Kila kundi jipya la wachezaji ninaloliongoza hapa Kirumba, Mwanza, huuliza jambo lile lile kabla dadu haijarushwa: tucheze kwa futi au kwa mita? Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ni wa mezani: mimi nasimulia, kila mchezaji anaigiza shujaa wake, na dadu huamua. Vitabu vyake vya Kiingereza vinahesabu kwa futi, maili na paundi, na sisi sote tumesomeshwa mita, kilomita na kilo. Hakosekani mmoja anayejitolea kukaa na simu na kugeuza kila namba inayotajwa. Mwambie aiweke chini. Jini limeshainua rungu, shujaa anasubiri kujua kama atafikiwa, na huyu bado anatafuta kitufe cha kuzidisha.

Mimi nafanya hivi: umbali wa karibu nauacha kwa futi, safari nazitaja kwa kilomita, mizigo kwa kilo. Wapo watakaokwambia chagua mfumo mmoja ushikamane nao. Hao hawajawahi kwenda dukani na fundi wa Mwanza. Fundi anakwambia anataka mbao mbili kwa nne za futi 12, nondo za milimita 12 na saruji mifuko ya kilo 50, na kwamba saiti iko kilomita 3 kutoka lami, yote kwa pumzi moja, na hakuna anayepotea. Masikio yetu yameshazoea mchanganyiko huo, kwa hiyo mchezo nao uyafuate.

Futi zenyewe zilitoka Marekani pamoja na mchezo. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974, ukiwa mtoto wa michezo ya vita ya vinyago, ambako umbali ulipimwa mezani kwa rula. Inchi 1 ya rula ilihesabiwa futi 10 mkiwa ndani ya mapango. Mkitoka nje, inchi ile ile ikawa yadi 10, mara tatu yake! Ukiona mita zinakutesa, wahurumie waliotutangulia. Tena si Wamarekani wote walioganda kwenye futi: Traveller, mchezo wa safari za anga uliotoka 1977, unatumia mita.

Siku hizi ramani ya mapigano huchorwa miraba, kila mraba futi 5. Binadamu wa kawaida anakwenda futi 30 kwa zamu, yaani miraba 6. Matoleo ya Kiitaliano na Kijerumani yameandika mita 1.5 kwa mraba na mita 9 kwa zamu. Kwa hesabu kamili futi 5 ni mita 1.524, lakini hata kwa mshale wa futi 150 tofauti yote haifiki nusu mraba, kwa hiyo usigombane na mtu. Kama ramani ipo mezani, sema "miraba sita" uendelee. Mwenye karatasi ya mhusika iliyochapwa kwa mita na mwenye ya futi watacheza pamoja bila shida, mradi wote waandike kasi yao kwa miraba.

Futi inaonyesha thamani yake pale ramani isipokuwepo. Kundi langu moja lilikuwa likivuka ziwa usiku kwa mtumbwi wa futi 25, maharamia wakajipanga ubavuni, futi 10 tu kutoka kwao, na mtumbwi wa ukubwa ule ule. Mchawi akatangaza mpira wa moto, katikati ya mtumbwi wa adui. Mpira ule unaenea futi 20 kila upande kutoka unapotua. Kijana mmoja aliyekulia kwenye karakana ya mitumbwi akaanza kuhesabu kwa vidole, akanyanyua uso: "Subiri kaka. Wao wameisha, sawa. Na sisi je?" Mchawi akaurudisha mkono taratibu. Ningetaja mita 6.1 na mita 3, sidhani kama kuna ambaye angeuona ule mtumbwi.

Maili ni habari nyingine. Hizo zigeuze bila huruma, kwa sababu hapa hakuna anayeishi kwa maili. Kanuni zinasema kundi linatembea maili 24 kwa siku kwa mwendo wa kawaida, yaani kilomita 38 na ushei. Mimi nasema 40, basi. Kutoka mjini hadi Magu ni kilomita 60 na kitu, kwa hiyo mtalala njiani mara moja, na huko njiani ndiko ninakowawekea fisi.

Paundi nazo zigeuze, kwa kugawa kwa mbili tu. Kweli paundi ni gramu 454, si 500, na unazidisha kwa asilimia kumi hivi, ila unazidisha mzigo na uwezo wa kuubeba kwa pamoja, kwa hiyo haimdhulumu mtu. Shujaa mwenye alama 15 za Nguvu anabeba paundi 225, kama kilo 102 halisi. Mifuko miwili ya saruji, na bado anatembea kama kawaida! Hapo wachezaji wangu huwa wanabisha kidogo.

Kina cha maji kinahitaji uandae hesabu nyumbani, maana vitabu vya jiografia vinakitaja kwa mita na kanuni za kuogelea ziko kwa futi. Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 hivi pale lilipozama zaidi, yaani futi 262. Anayeogelea anakwenda nusu ya kasi yake, futi 15 kwa zamu ya sekunde 6: zamu 18 kushuka, 18 kupanda, jumla sekunde 216. Shujaa ambaye Ustahimilivu wake, yaani alama ya uvumilivu wa mwili, unampa nyongeza ya 2 anabana pumzi dakika 3. Atagusa chini vizuri kabisa, halafu pumzi itamwishia zikiwa zimebaki zamu 6 kufika juu. Akikumbuka kwamba kanuni zinamruhusu kutumia zamu nzima kuongeza mwendo, safari inakuwa nusu na anaibuka mzima. Mimi simkumbushi.