Barua kwa mwanangu: taa kwanza, kamera baadaye

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Mama yako anakusalimu, goti lake limepata nafuu, na mwembe wa uani umeanza kuangusha.

Umeniuliza ununue kamera ipi na lenzi ipi, ili upige picha sarafu za babu yako kabla ya kikao cha ukoo cha Desemba, kila mtu ajue kilichomo kwenye kopo kabla hakijagawanywa. Umeniandikia na majina ya kamera tatu, zote mpya, zote za bei ya pikipiki. Nimeyasoma yote na nitakujibu. Ila kwanza nikukumbushe lile mlilolisikia tangu mkiwa watoto mnanishikia kadi studio: taa kwanza, kamera baadaye.

Uso wa mtu una rangi, una macho, hata ukiupiga vibaya utamtambua mwenyewe. Sarafu ni chuma cha rangi moja. Taji, herufi, mwaka, vyote hivyo ni miinuko midogo, na jicho linaviona kwa sababu upande mmoja una mwanga na upande wa pili una kivuli. Ukiimwagia mwanga kutoka mbele, vivuli vinakufa na unabaki na duara jeupe. Kamera ya milioni nne itakupa duara jeupe safi sana, basi.

Ndiyo yaliyotokea kwa ile sarafu yetu nyekundu. Najua hadithi mnaijua, na mama yako hapendi niirudie, lakini wewe ndiye uliyeuliza habari za picha za sarafu, nami siwezi kuzijibu nikaipita ile.

Zilikuwa mbili. Zote za heller 20, senti za wakati wa Mjerumani, zote za 1916, moja ya shaba nyekundu na moja ya shaba ya manjano. Zimepigwa hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati Waingereza wameziba bahari na Wajerumani hawapati tena sarafu kutoka kwao. Ndiyo maana zina herufi T, wakati heller za kabla ya vita zina A ya Berlin au J ya Hamburg. Maganda ya mizinga yaliyeyushwa yakawa pesa. Septemba ya mwaka uleule jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia mjini, na pesa ile ikabaki mikononi mwa watu. Babu yangu alikuwa kibarua wa reli. Aliziweka, akampa baba yangu, baba akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo wewe unalijua.

Mimi nilikuwa Dodoma, nina harusi ya kupiga. Mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam akamwomba baba yako mkubwa picha ya ile nyekundu. Kaka hakunisubiri. Akaipeleka kwa mpiga picha mwingine hapa mjini, naye akailaza mezani chini ya balbu ya manjano, akawasha flashi iliyo juu ya kamera, akapiga. Picha hiyo niliiona baadaye. Taji hakuna. Mwaka unasomeka nusu. Na rangi, Zuhura, rangi! Balbu ile ilikuwa imeigeuza shaba nyekundu ikawa manjano. Mnunuzi akajibu kwamba ni ya manjano, ya kawaida, tena imesagika, akataja bei ya kilo mbili za nyama. Kaka akakubali, sarafu ikapanda basi.

Za shaba nyekundu zilipigwa chache kuliko za manjano. Halafu wakusanyaji hawaishii kwenye rangi. Wanatazama kama taji ni kubwa au dogo, kisha wanatazama ncha za zile L mbili za neno HELLER, maana kuna zenye ncha iliyopinda na kuna zenye ncha iliyochongoka, na mchanganyiko mmoja hauna bei sawa na mwingine. Yetu ilikuwa ipi? Hakuna anayejua. Sarafu imekwenda, na picha pekee iliyobaki haina L.

Sasa nijiulize kwa haki: kaka angefanyaje? Hamisi alikuwa anasubiri sare na ada, na shule haikubali ahadi. Pesa ile ilisaidia, siwezi kukana. Pengine hata picha nzuri isingepandisha bei, kwa kuwa mnunuzi akishaona mtu ana shida, jicho lake linakuwa kipofu kwa makusudi. Lakini basi angetulaghai akiwa anajua, nasi tungebaki na picha ya kumwonyesha. Hapana, bado nasema ile taa. Taa ingewekwa pembeni, mazungumzo yangekuwa mengine. Kuhusu kaka mwenyewe, kama alifanya sawa au hakufanya, sisemi. Ninalo jibu langu, na mara mbili nimelifuta kwenye karatasi hii. Atakuwepo kikaoni, na wewe utamwamkia kama siku zote.

Nikuambie na lile la furaha. Niliporudi nilichukua ile ya manjano, nikafunga mapazia ya studio, nikazima kila kitu, nikaacha taa moja ya mezani. Nikaishusha ikakaribia usawa wa meza, nikawa naizungusha polepole kuizunguka sarafu. Wewe ulikuwa mdogo, umeshika kadi nyeupe upande wa pili ili kivuli kisiwe kizito mno. Ghafla taji likainuka. Ukapiga kelele, "Baba, taji!" Kisha D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, kisha tarakimu za mwaka, kisha shada la majani kwa upande wa pili, na zile L. Nilipiga kwa kamera ya kawaida niliyopigia paspoti. Picha ile ndiyo hiyo iliyo ukutani sebuleni, wageni wanadhani ni ya kitabu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta taa mbili za mezani zenye balbu za aina moja. Mwanga wa dirisha usiuchanganye na wa balbu, rangi zitagombana na nyekundu itakukimbia tena. Ipimie kamera weupe kwa karatasi nyeupe chini ya taa zilezile, kabla hujaweka sarafu. Zile zilizosagika, kama heller zetu, zinataka taa ya chini, pembeni. Zile zinazong'aa bado, kama shilingi za 1966 zenye mwenge ambazo babu yako aliziweka mpya, zinataka taa zipande juu, karibu na lenzi, moja kushoto na moja kulia, na karatasi nyembamba mbele ya balbu ili mng'ao usiwe madoa. Zile senti kumi za mkoloni zenye tundu, weka kitambaa cheusi chini yake.

Kamera isimame imetazama chini, sawasawa kabisa. Weka kioo kidogo cha kunyolea mahali pa sarafu. Ukiona kwenye skrini lenzi inajitazama katikati, imenyooka. Usibonyeze kwa kidole ukaachia. Tumia ile ya kuhesabu sekunde mbili, maana kwa ukaribu huo hata pumzi inatikisa. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iwe 100, tundu la lenzi f/8. Usilifinye mpaka f/22 ukidhani unapata ukali zaidi. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo unatawanyika na picha inalainika.

Na tafadhali, mtu asizisugue. Nasikia Hamisi anazungumzia ndimu na majivu. Mwambie nimekataa. Mng'ao wa kusugua wakusanyaji wanautambua mara moja, na ncha za L zikilika hakuna taa itakayozirudisha.

Haya, kamera. Simu yako itatosha kuorodhesha, ukirudi nyuma kidogo na kuvuta, kwa sababu ukiisogeza karibu inajifunika kivuli chake yenyewe. Lakini kwa ajili ya L haitoshi. Kati ya zile tatu sitaki kukuchagulia, ni pesa yako. Ila hata moja ya milioni nne huihitaji. Kamera nyingi zilizotumika, zenye kubadilisha lenzi na megapikseli 24, zina kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, cha takriban milimita 24 kwa 16. Sarafu yetu ina upana wa karibu milimita 29. Kwa hiyo picha yake kwenye kihisi ikiwa nusu ya ukubwa wake, inajaa kwenye fremu, na bado kila milimita yake inapata pikseli zaidi ya mia. Lenzi ya makro, ile ya vitu vidogo vya karibu, ya kulipia ukubwa kamili ni ya nini basi? Lenzi fupi ya milimita 50 nayo itakulazimu usogee mpaka uzibe taa zako mwenyewe. Unataka ya 80 mpaka 100, ikupe nafasi ya shubiri nzima.

Na hiyo ninayo. Enlaja yangu ya kukuzia picha iko bado chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Kichwa chake kifunguliwe, nguzo yake inapanda na kushuka imenyooka kuliko stendi yoyote ya dukani, kamera ifungwe hapo. Lenzi yake ni ya milimita 80, imetengenezwa kwa ajili ya kusoma kitu bapa kilicho karibu, na ndivyo sarafu ilivyo. Ukungu haujaiingia, nimeitazama jana kwenye jua. Ina uzi wa skrubu wa milimita 39, kwa hiyo inahitaji ringi ya kuiunganisha na kamera na ringi nyingine za kuirefusha sentimita saba hadi kumi hivi, kutegemea kamera.

Kama baada ya picha mtaamua kuuza, hilo nitalisikia kikaoni na nitajitahidi nisiseme kitu. Sitaki. Lakini hujaniuliza.

Kabla hujalipa, niandikie kamera uliyoichagua ni ya kampuni gani na sehemu yake ya kufungia lenzi inaitwaje, nimwone fundi wa Kanyenye mapema. Ringi za kurefusha anachonga mwenyewe, ila ile ya kuunganisha lazima aiagize Dar es Salaam, na wiki hizi mabasi yamejaa.

Baba yako.