Lori linakosa nguvu mlimani: pima klape ya kurudisha mazutu (dizeli) kabla ya kufungua pompi

SWALI: Jambo fundi. Naendesha Benz ya zamani ya silinda sita, yenye turbo na pompi ya injeksio ya mstari (vipompi vyake vimepangwa mstari mmoja, kimoja kwa kila silinda). Nikitoka Uvira na saruji, hadi Kamanyola inakwenda vizuri. Nikianza kupanda mlima wa Ngomo nguvu inakatika, hata nikikanyaga hadi chini, na moshi mweusi hautoki. Asubuhi haiwaki mpaka nipige pompi ya mkono. Filtri zote ni mpya. Garaji moja hapa Bukavu inataka kuitoa pompi ya injeksio na kuifungua. Niwaruhusu?

JIBU: Hapana, ndugu shofere, bado. Huo moshi unaokosekana una maana kubwa. Motere ikikosa hewa huku mazutu yanatosha, inatoa moshi mweusi, na huko juu ambako hewa ni nyepesi ungeuona zaidi. Nguvu ikipotea bila moshi, mazutu hayafiki ya kutosha. Kabla ya kuishuku pompi yenyewe, angalia kinachoilisha, na cha kwanza ni klape ya kurudisha.

Pompi ya kuvuta, ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pompi ya injeksio, inaleta mazutu mengi kuliko yanayochomwa. Yanayozidi yanarudi tangini kupitia klape hiyo, ambayo ndani ina springi na gololi au pistoni ndogo. Kazi yake ni kuzuia kidogo, ili ndani ya pompi ya injeksio kuwe na presha ya kujaza kila silinda. Springi ikichoka, au uchafu ukikaa chini ya gololi, mazutu yanakimbilia tangini. Tambarare husikii kitu kwa sababu motere inakula kidogo. Mlimani na mzigo inadai mengi, na hayapo. Usiku nayo yanashuka, ndiyo maana asubuhi unapiga pompi ya mkono, ingawa hilo linaweza pia kutokana na hewa inayoingia kwenye mpira wa kuvuta.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Tafuta manometri (saa ya kupimia presha) ya bar 0 hadi 6 na uifunge kwa kiungo cha T kati ya filtri na pompi ya injeksio. Kwenye ralanti (motere ikizunguka bila kukanyagwa), pompi nyingi za aina hii hushika kama bar 1 hadi 1.5, na presha hupanda ukiongeza mzunguko. Kitabu cha motere yako kikisema vingine, fuata kitabu. Ukitaka kuisoma ukiwa barabarani, ifunge nje mahali unapoiona kwenye kioo. Mpira wenye mazutu usiuingize ndani ya kabini.

Presha ikiwa chini, motere ikiwa kwenye ralanti, bana mpira wa kurudisha kwa sekunde chache, jicho likiwa kwenye manometri, na uachie kabla haijafika bar 4. Sindano ikiruka juu, pompi ya kuvuta ni nzima na klape ndiyo mgonjwa. Isiposogea, klape haina kosa: rudi nyuma kwenye chujio dogo la pompi ya kuvuta, kwenye mpira wa tangi unaojikunja kwa ndani, na kwenye tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Bomba la kurudisha likiwa la chuma tupu, usilibane. Jaribu klape nyingine unayojua ni nzima. Na jaribio hili ni la pompi za mstari tu. Malori mapya ya komon reli (bomba moja la presha linalolisha injekta zote) yana presha ya zaidi ya bar elfu moja, usiguse chochote kwa mtindo huu.

Kuibadilisha ni kazi fupi. Zima motere, iache ipoe, weka vizuizi kwenye magurudumu. Safisha eneo lote kwa brashi, maana chembe moja ya mchanga ikiingia pompini inakwaruza vyuma ambavyo havirekebishiki. Klape ni ile bolti yenye tundu inayoshika jicho la bomba la kurudisha kwenye pompi, mara nyingi ya ufunguo wa 19 au 22. Ukiitoa, ipulize kwa mdomo kuelekea upande wa kutokea. Nguvu ya mapafu haiwezi kufungua springi nzima, kwa hiyo hewa ikipita wazi, imekufa. Klape chache zina kitundu kidogo cha kutolea hewa; hizo husikika zikifyonya kidogo tu.

Sasa mtego. Bolti ya kawaida yenye tundu ina uzi uleule na inafanana na klape kabisa. Mtu akiweka hiyo, hakuna kinachozuia, na lori litachoka vilevile. Dukani ipulize, na uiangalie kwenye mwanga: ukiona ng'ambo, irudishe. Pia usikubali springi ivutwe iwe ndefu. Itashika leo, joto litailegeza tena.

Panga rondela ya shaba, jicho la bomba, halafu rondela nyingine. Mpya ni bora. Za zamani zilizo sawa unaweza kuzichoma hadi ziwe nyekundu na kuzitumbukiza majini, shaba inalainika tena. Kaza kwa Nm 25 hadi 30, si zaidi, kwa sababu kuta za bolti hiyo ni nyembamba na inakatika. Piga pompi ya mkono mpaka iwe ngumu na usikie klape ikilia, washa, kagua matone, kisha pima presha tena.

Presha ikiwa nzuri na Ngomo bado inakushinda, angalia kama waya wa pedali unafikisha mkono wa pompi mpaka mwisho. Kagua pia kale kabomba kanakotoka kwenye maniforudi ya hewa kwenda kofia ya pompi: kakipasuka, pompi inapunguza mazutu na moshi hautoki, dalili zilezile. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo pompi itolewe, na iende kwa fundi mwenye benchi ya kuipimia. Garaji isiyo na benchi isiifungue.