Nimelipa kiingilio kuona chumba kitupu?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Rafiki zangu walinivuta kwenye maonyesho ya sanaa. Chumba cha kwanza kilikuwa kitupu, mwanga wa kijani tu. Cha pili kilikuwa na spika zilizozunguka ukumbi, zinaimba. Nikasimama mlangoni kusubiri kitu kianze. Hakikuanza. Wenzangu walitoka wakisifia. Tumechezewa, au mimi ndiye sioni?
Msomaji aliyesubiri

JIBU: Ndugu yangu, ulikwama pale mlangoni. Nimefunga taa na spika kwenye kumbi za maigizo miaka mingi, na huko mtazamaji tunampangia kiti. Kwenye instalesheni, yaani sanaa inayoenea chumba kizima na wewe ukaingia ndani yake, kiti hakipo, tena kwa makusudi: hakianzi kitu mpaka uingie utembee.

Tuanze na spika. Mwaka 2001 Janet Cardiff, msanii wa Kanada, alichukua wimbo wa kwaya wa Thomas Tallis, Mwingereza wa karne ya 16, wenye sauti 40 zinazopishana. Kila sauti aliirekodi kwa maikrofoni yake, akaipa spika yake, zote zikasimamishwa kwa kimo cha mtu. Sogeza sikio kwenye spika moja, unamsikia mwimbaji mmoja hadi pumzi zake. Rudi katikati, kwaya nzima inakuzingira. Ukibaki mlangoni unasikia redio ya jirani.

Chumba cha kijani kinataka subira. Dan Flavin wa Marekani alijenga kazi zake, tangu 1963, kwa taa za tyubu za dukani, zile zile ninazofunga mimi. Kaa ndani ya kijani dakika kadhaa: jicho linaizoea rangi ile, inaanza kufifia. Ukitoka, ukuta mweupe unaonekana wa waridi. Waridi hilo hakulipaka mtu, limetoka kwenye jicho lako.

Msanii Olafur Eliasson naye mwaka 2003 alitundika jua bandia Tate Modern, jumba la sanaa la London: nusu duara ya taa za manjano, ukungu, na vioo darini vilivyolikamilisha duara. Taa zile hutoa rangi moja tu, kwa hiyo gauni jekundu lilipoteza wekundu wake. Watu zaidi ya milioni mbili walikwenda, na wengi walilala sakafuni wakijipungia mkono kwenye vioo. Hakuna aliyewaambia walale.

Sisemi kila chumba chenye giza ni sanaa. Wapo wanaojaza moshi na besi ya kutikisa kifua ili usigundue kwamba hawana la kusema. Mimi hupima hivi: nasogea hatua chache, nageuza kichwa, nafumba macho. Kama hakuna kilichobadilika popote niliposimama, naondoka, na sioni haya.

Maonyesho yakiwa bado yapo, rudi peke yako, wenzako watakuharakisha. Simu ibaki mfukoni, kwa sababu kamera hujirekebishia rangi yenyewe na ile kijani utaikuta imeshaharibika. Anza na chumba cha spika.