Kuhakiki maisha ya Darwin bila kusomea biolojia

Mwanangu Masanja,

Umeniuliza utahakikije kitabu cha maisha ya Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe wanavyobadilika, wakati wewe ulisomea uhasibu. Unamuuliza muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba! Haya, nisikilize.

Huwezi kuhakiki sayansi yote, wala hujatumwa. Mkaguzi wa hesabu huchomoa vocha chache akatafuta risiti zake. Fanya hivyo hivyo.

Anza na chiriku, wale ndege wadogo wa visiwa vya Galápagos katika bahari ya Pasifiki. Waandishi wavivu husema Darwin aliwaona mwaka 1835 na papo hapo akaelewa jinsi viumbe wanavyobadilika. Si kweli. Wengi wao hakuandika wametoka kisiwa gani, na baadhi aliwadhania ndege wa jamii nyingine kabisa. Ni John Gould, mtaalamu wa ndege wa London, aliyewapanga mwaka 1837 na kuonyesha kwamba ni ndugu. Mwandishi akikuuzia ile hadithi ya papo hapo, mengine yote yasome kwa jicho kali.

Kisha fungua faharasa, utafute John Edmonstone: mtu mweusi aliyekuwa mtumwa Guyana, akapata uhuru, akamfundisha Darwin kuchuna na kuhifadhi ndege kule Edinburgh, Uskoti. Bila ufundi huo, ndege wale wangemfikiaje Gould? Kama hayumo, sema hayumo.

Umesema sura ya mwisho inagusa ziwa letu, Viktoria. Hapo huhitaji digrii, umekulia hapa. Furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, walikuwa zaidi ya spishi 500. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka. Ila sangara asibebeshwe mzigo wote. Mbolea na maji machafu ya mijini vilirutubisha mwani, maji yakawa na ukungu. Furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Asipomwona vizuri, aina huchanganyika. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1997. Tazama pia kitabu kilichapwa lini: ushahidi mzito kwamba ziwa hili lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita ulitoka mwaka 1996, kwa hiyo kitabu cha zamani usikilaumu kwa kutolijua.

Kuhusu safari ya meli iliyomfikisha Darwin Galápagos usihangaike, kila mtu anaisimulia. Mimi ningependa kujua ameiandikaje ile miaka 8, 1846 hadi 1854, ambayo Darwin alikaa nyumbani akichunguza wale viumbe wa baharini, jamaa wa kamba na kaa, wenye magamba wanaoganda kwenye miamba na matumbo ya meli. Inachosha kuisimulia, lakini ndipo alipojifunza jinsi viumbe wa aina moja wanavyotofautiana. Akiipita kwa aya moja, liandike hilo, utaje na ukurasa.

Ukimaliza, kipakie kitabu kwenye basi la Mwanza. Nitakifuata stendi mwenyewe.

Mama yako